Kizimba cha Walionyimwa

Jumapili, 4 Mei 2025

Wamekufa tena. Mzao mzima wa yule sungura jike mweusi — wote! Wiki moja tu baada ya kuwatenga na mama yao. Wanaanza kuharisha, tumbo linajaa, mtoto anajikunyata kwenye kona, asubuhi unamkuta amekauka. Mume wangu Wilbrod yuko Tunduma na lori. Kwenye simu ananiambia, si ufuge kuku kama wenzako? Kuku! Kibaha nzima inafuga kuku. Na mimi ndiye muuza vyakula vya mifugo hapa Kwa Mathias. Watu wananunua pumba na mashudu kwangu, wananiuliza dawa, halafu wangu mwenyewe wanaisha. Aibu.

Mchana kikundi cha sungura tulikutana dukani. Kwa Mzee Hashiru, mwenyekiti wetu, mambo ni yaleyale. Wakubwa wazima, wadogo wakishaachishwa ziwa tu wanaondoka. Amesema kama na mzao ujao utakwenda hivyo, anavunja mabanda, mbao atajengea choo. Hakuna aliyecheka.

Jioni akapiga Monica, mdogo wangu wa Masaki kule Kisarawe. Tangu aachike anaishi kwenye mikorosho ya marehemu baba na anachoma mkaa. Sasa amejifunza kukamua mafuta ya mchaichai — semina gani sijui ilipita huko. Mwalimu wao aliwaambia mafuta ya mimea kama hiyo huchanganywa kwenye chakula cha wanyama wachanga, matumbo yanatulia. Hata sungura? Hata sungura, anasema alimuuliza makusudi kwa ajili yangu. Sikuamini sana. Lakini nina majike wawili waliozaa karibu pamoja, watoto kumi na wawili, na Jumamosi lazima niwaachishe. Nitakwenda.

Jumanne, 6 Mei

Masaki. Mvua imeharibu barabara, dereva wa bodaboda alinishusha mara mbili nitembee kwenye tope. Viatu vya kanisani! Akili yangu sijui ilikuwa wapi.

Mtambo wa Monica ni pipa lililofungwa kwa mfuniko, linachemka juu ya mafiga. Mvuke unapita kwenye bomba la shaba, bomba linazama kwenye ndoo ya maji baridi, mwisho kuna chupa. Gunia zima la majani, na mafuta yanayoelea juu ya maji hayajazi hata kikombe cha kahawa. Lakini harufu! Nguo zangu bado zinanukia.

Anakohoa. Nilikuwa namsikia kwenye simu, sikujua ni kiasi hiki. Zahanati wamemwambia aache moshi. Nikamwambia, na huku si kuna moto? Akasema moto huu anakaa mbali nao anaongezea kuni tu, tanuri la mkaa unalipanda juu na koleo kuziba matundu, moshi wote unaunywa wewe.

"Dada," akaniambia, "watu wa sungura wakiyachukua haya, tanurini sirudi."

Hakulisema kwa huzuni. Alilisema huku anafunga kizibo. Nimerudi na chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa mafuta, nimeifunga kwenye kanga kama yai.

Alhamisi, 8 Mei

Mfaume, bwana mifugo wa kata, alipita dukani. Nikamwonyesha chupa. Akanusa, akakunja uso, akasema amesikia habari hizo, mahali pengine yamesaidia, mahali pengine hayakufanya kitu. Matone machache tu, mengi yanaunguza. Nichanganye kwanza na mafuta ya alizeti ndipo nimwage kwenye chakula.

Halafu akasema neno ambalo limenikaa. Ukiwapa wote wakapona, utajuaje ni mafuta? Huenda ni hali ya hewa. Huenda ni Mungu. Gawa nusu kwa nusu. Nusu wapate, nusu wasipate, mengine yote yawe sawasawa — chakula, maji, usafi. Wasiopata wasipewe dawa nyingine yoyote.

"Na wakifa?"

"Wakifa ndiyo utajua."

Rahisi kusema. Si wake.

Jumamosi, 10 Mei

Nimewaachisha. Nilifumba macho nikawa nachukua mmojammoja, huyu kushoto, huyu kulia, nisije nikachagua. Kushoto wanapata mafuta. Kulia hawapati.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake ananitazama tangu mwanzo. Mama yake Wilbrod — amehamia kwetu kutoka Rombo tangu mguu ulipoanza kumsumbua. Siku nzima yuko nyumbani peke yake, mimi niko dukani, mwanangu Loyce yuko bweni.

"Hawa wa kulia wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, Mama. Tunajaribu dawa."

"Kwa hiyo hawa wanapewa, hawa wananyimwa."

"Kwa muda tu."

"Mama Loyce, wewe ungepata mapacha ungemnyonyesha mmoja, mwingine ukamwacha alie?"

"Loyce hana pacha, Mama."

"Ashukuru."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Usiku huu najiuliza kama nimefanya vizuri, lakini Mfaume yuko sahihi. Watu kumi na nne wa kikundi watanisikiliza mimi. Sitaki kuwaambia uongo.

Jumatano, 14 Mei

Mmoja amekufa. Wa kulia! Juzi alikuwa anarukaruka. Wa kushoto wote wanakula, mavi yao makavu, mazuri. (Ndiyo, nimefikia hapo, naandika habari za mavi ya sungura.)

Mama ameuliza tena kama hawa wengine hawawezi kupewa hata tone. Nikasema hapana. Akaingia ndani.

Ijumaa, 16 Mei

Wa pili, kulia. Mama hakula mchana. Ametaka azikwe, asitupwe. Nimemzika chini ya mpapai.

Jumamosi, 17 Mei

Jumuiya ya kanisani walisali kwetu leo. Baada ya sala wote bandani! Hawa ndio wenye mafuta? Na hawa maskini ndio wasiopewa? Wakasikitika mpaka nikaona aibu, kama vile nimewafunga watoto wa watu. Mama akawa anawaeleza. Kizimba cha kulia kakipa jina — walionyimwa. Sasa wote wanakiita hivyo. Mama Brayan, ambaye pia yuko kwenye kikundi chetu, anasema, wewe Petronila una roho ngumu. Sina. Nimechoka tu kuhesabu wanaokufa.

Jumapili, 18 Mei

Wawili kwa mpigo. Kulia wamebaki wawili. Kushoto wote sita wapo, tena wanene.

Mzee Hashiru alikuja kujionea mwenyewe. Aliinama mbele ya kizimba cha kushoto, akatia kidole kwenye wavu, mtoto mmoja akakinusa. Akasimama, akasema, "Mama Loyce, umetuokoa." Jumapili ijayo kikundi kikutane nyumbani kwangu na Monica aje na chupa, kila mwanakikundi achukue ya kwake, na wafugaji wa Magindu nao wameshaanza kuuliza.

Nilimpigia Monica palepale. Nikamweleza. Nikadhani simu imekatika, kumbe analia. Mimi nikalia pia. Mungu wangu, sikumbuki mara ya mwisho tulilia pamoja kwa jambo jema.

Mfaume nikamtumia ujumbe. Akajibu: Safi. Una uhakika mengine yote yalikuwa sawa? Nikamjibu ndiyo.

Jumanne, 20 Mei

Monica amepiga. Ameacha mkaa — kabisa. Mahali pa tanuri amempa Shomari, jirani yake, pamoja na koleo na miti iliyokwisha kukatwa. Nikamwambia si ungesubiri Jumapili ipite. Akasema, "Nisubiri nini dada, wakati umeona kwa macho yako?"

Ni kweli. Nimeona kwa macho yangu. Mama ameniuliza kwa nini natabasamu peke yangu jikoni.

Alhamisi, 22 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nilisahau simu nyumbani. Saa nne nikafunga duka nikarudi haraka. Geti lilikuwa wazi, Mama hakunisikia. Yuko bandani, kigoda kimesogezwa mpaka kwenye kizimba cha kulia. Mapajani ana fungu la matembele, yamechumwa sasa hivi, bado yanadondosha maji ya mvua. Anawapitishia moja moja kwenye wavu. Na anaongea nao. "Kuleni. Kuleni wanangu. Wenzenu wana dawa yao, na nyie mna bibi yenu."

Matembele mabichi. Yenye maji. Kwa watoto walioachishwa ziwa juzi! Mimi majani nayaanika mpaka yanyauke, na watoto wachanga namna hii siwapi kabisa. Kila mtu wa kikundi anajua. Mama hajui. Kwao Rombo mfugo unapendwa kwa kuletewa majani mabichi, na ng'ombe anayanenepea.

Nikauliza tangu lini. Tangu siku ile ile niliyowagawa, akasema. Kila siku, nikishaondoka. Wa kushoto hakuwapa hata jani moja, wao wana chao.

"Nilikuwa nawafidia, Mama Loyce. Umekasirika? Mbona umesimama hivyo?"

Nikasema hapana. Nikasema tu kwamba majani yanachafua kizimba, asiwape tena. Nikachukua simu nikaondoka. 

Nimempigia Mfaume. Hakunicheka, namshukuru kwa hilo. Amesema majani mabichi yenye maji, ghafla, mengi, kwa umri ule — yanatosha yenyewe kuua. Huenda mafuta yamewasaidia wa kushoto. Huenda hayakufanya kitu, wamepona kwa sababu hawakupewa matembele. "Kwa hiyo kwa sasa hujui."

Sijui! Nimeua wanne, sijui kitu.

Nina hasira. Na Mama nina hasira, na Mfaume na nusu kwa nusu yake. Na mimi mwenyewe zaidi. Nilikagua chakula, maji, mpaka mavi. Sikuwaza kwamba ukiwagawa viumbe mbele ya mtu mwenye huruma, atakwenda kwa wale walionyimwa. Yeyote angekwenda. Mtu anayeshinda peke yake siku nzima ndiyo kabisa.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemweleza Wilbrod. Kwanza alicheka sana — halafu akaacha. Akasema nisimwambie mama yake. Tangu baba yake afariki hajawahi kumsikia mama amependa kitu namna ile, kila akipiga simu anaambiwa habari za sungura. Nikauliza, na kikundi je? Akasema, nani amekuambia mafuta hayafanyi kazi? Hakuna. Basi nyamaza, wape wajaribu.

Ni kweli hakuna aliyesema hayafanyi kazi. Nimelirudia hilo siku nzima dukani huku napima pumba. Mteja mmoja aliuliza bei mara tatu ndipo nikamsikia.

Wale wawili wa kulia wazima leo.

Jumamosi, 24 Mei

Monica amekuja leo ili kesho asichelewe. Amesuka. Amevaa gauni la bluu ambalo sikumbuki kuliona. Chupa kumi na tano amezipanga ndani ya ndoo na majani makavu ya migomba katikati zisigongane, kila moja ameifunga kwa uzi. Ya kumi na tano ni zawadi ya Mama.

Mama akamkumbatia mlangoni. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu, mafuta yako yameponya wajukuu zangu!" Nikaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Nilimpeleka bandani, nikamweleza yote. Alikuwa anawatazama wa kushoto wakati naongea. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza nimewaambia akina nani. Mfaume na Wilbrod, basi.

"Labda yanafanya kazi, dada."

"Labda."

"Basi wape. Wakiyatumia kwao watajua wenyewe."

"Wakifa huko kwao? Mzee Hashiru hatajaribu tena. Wataacha sungura, na mafuta yako hawatataka kuyasikia."

 Halafu akasema, polepole kabisa, kwamba Shomari ameshawasha tanuri. Jana aliona moshi. Nikamwambia samahani. Akasema si kosa langu, kisha akasema kama ningekuwa nimetulia nikaangalia vizuri kabla ya kumpigia simu siku ile, asingempa Shomari koleo. Yote mawili ni kweli. Niliumia.

Kabla ya kulala ameniomba kesho ninyamaze. Siku moja tu. Wachukue kwanza, halafu tutaanza upya kimya kimya na mzao mwingine, tukiona hayafai atawarudishia. Nikasema nitafikiri. Tumelala kitanda kimoja kama utotoni, na amekohoa mpaka nikaamka kumpa maji. Sikumwambia kwamba nilikuwa sijalala.

Jumapili, 25 Mei

Misa ya kwanza. Sikusikia neno la mahubiri.

Tuliporudi Mama alikuwa bandani. Mguu ulimzuia kwenda kanisani, lakini bandani alifika. Kigoda kilikuwa mbele ya kizimba cha kulia, mikono mitupu.

"Mama Loyce, tangu uliponikataza majani, hawa hawajaharisha."

Nikasema, ndiyo Mama.

"Wanakula vizuri tu. Na mafuta hujawapa."

"Sijawapa."

Akanitazama. Mimi nikatazama funguo mkononi. Nilikuwa na muda wa kusema kitu, hata uongo, na sikusema. Akawa anakunja vidole vyake kimoja kimoja, mpaka vinne, akavishika hivyo. Halafu akaomba nimsaidie kusimama. Alikwenda ndani, nikasikia mlango wa chumba chake.

Nilimkuta Monica jikoni, nikamwambia, nadhani Mama amejua. Akauliza, atasema? Sijui. Mama hajawahi kukaa kwenye kikao cha kikundi. Kikao kikianza huwa anaingia chumbani na rozari yake.

Saa tisa na nusu. Wameanza kufika. Naandika huku jikoni, chai iko motoni, kelele ziko uani. Mzee Hashiru amekuja na mkoba wa kubebea chupa, na mgeni kutoka Magindu. Mama Brayan ameshakwenda kuwaonyesha walionyimwa, nasikia sauti yake. Monica ameketi kwenye meza, chupa mbele yake zimepangwa safu mbili, mgongo wima. Ananiangalia kupitia dirishani. Bado sijamjibu.

Mzee Hashiru anasema tuanze kwa dua, Mama Loyce yuko wapi. Nimesema naleta chai.

Mama ametoka. Amevaa kitenge chake cha Pasaka. Anatembea kwa kushika ukuta, mkono mwingine amebeba kitu kwenye upindo — nilidhani ni rozari. Ni matembele. Mabichi, kayachuma sasa hivi, yanamlowesha nguo. Mzee Hashiru amempisha kiti, yeye amekataa kukaa. Watu wanageuka kumtazama mmoja mmoja.

Ameyaweka mezani. Nafasi ilikuwa ndogo, yalikuwa yanadondokea pembeni.

Monica ameyatazama. Halafu akaanza kusogeza chupa zake, moja moja, kumpa Mama nafasi.